Kumfuata Mama Kwenye Wimbo

Watu wananiita Saa. Miaka kumi na minane nimekaa nyuma ya ngoma za bendi yetu na hakuna aliyewahi kuniambia nimekimbia wala nimechelewa. Nikianza wimbo kwa mwendo fulani naumaliza kwa mwendo huohuo, hata jukwaa liwake moto. Najivuna, ndiyo. Anayetaka kununa anune.

Sasa sikiliza balaa lililonipata.

Mama yangu ndiye mwimbaji wa bendi hii tangu ianzishwe. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji, wakamtoa kipande cha pafu. Alipona, akarudi kunisema kuhusu vyombo na kuhusu nywele zangu kama kawaida, lakini pumzi haikurudi yote. Sauti ni ileile, ya kumfanya mtu asahau alichokuwa anakitafuta. Tatizo ni mwendo. Mstari mmoja anaukimbiza ili aumalize kabla pumzi haijakata, unaofuata anaukokota, katikati anasimama kuvuta hewa, kisha anarudi anapojisikia.

Bendi ilikuwa inatimiza miaka arobaini. Ukumbi ulishapangwa, siku ilishatangazwa, na Mama alishasema ataimba wimbo mmoja. Mmoja tu, ule wake wa kufungia. Wiki moja kabla tukaujaribu. Mapigo yangu yakaenda mbele kama yalivyozoea, Mama akabaki nyuma, akajaribu kunikimbilia, akapaliwa, akakohoa mpaka akashika stendi ya maikrofoni kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Kiongozi wa bendi anapiga gitaa la besi, na jina limekuwa hilohilo, Besi. Si ndugu yetu wa damu, ila mimi namwita mjomba maana alinibeba mgongoni nikiwa mtoto huku akifunga nyaya. Alinivuta nyuma ya spika.

"Mpwa wangu, hili haliwezekani," alininong'oneza. "Tuna ile kanda ya zamani. Tutaweka sauti yake, yeye akae kwenye kiti pale mbele, watu wampigie makofi."

"Umemwambia?"

"Nilidhani utamwambia wewe."

"Mimi? Mjomba, nimekukosea nini?"

Kumbe Mama alikuwa upande wa pili wa spika.

"Nikae pale kimya, sauti yangu iimbe bila mimi," alisema. "Kama picha ya marehemu. Besi, tumeanza bendi hii na maikrofoni moja ya kuazima, leo unataka kunizika kwa makofi?"

Besi ni mtu mwema, na wema wake ndio ulioniudhi, kwa sababu sikupata pa kumrushia maneno. Akatoa uamuzi: siku moja kabla ya onyesho, saa kumi jioni, mazoezi ya mwisho. Mama aimbe wimbo mzima bila bendi kusimama. Bendi ikisimama, kanda inawashwa.

"Na wewe Saa," akaniambia, "sisi wote tunakusikiliza wewe. Ukimshika mama yako, sisi tutakushika wewe."

Siku sita nilikuwa nazo.

Nilimwomba Mama tufanye mazoezi wawili nyumbani. Alikataa katakata. Alisema anaitunza sauti, akajifungia chumbani kwake. Ana kichwa kigumu, na mimi nimekirithi chote, kwa hiyo nikamwacha na mambo yake nikaenda kuhangaika na yangu.

Mume wangu ni fundi cherehani. Anashonea katika chumba cha mbele, kwenye cherehani cha kukanyaga kwa miguu. Siku ya pili nilikaa sakafuni karibu naye nikiwa nimeshika tama, cherehani kinakwenda trrr, kinapunguza, kinasimama, kinashika tena. Nikashtuka. Si ndivyo anavyoimba Mama?

"Shona," nikamwambia. "Shona vyovyote. Usinionee huruma."

"Na mimi nilidhani leo utanisaidia vifungo," alisema, akakanyaga.

Nikaweka kipande cha mpira kwenye kigoda, nikachukua vijiti vyangu, nikawa namfuata. Aibu tupu. Akiongeza mwendo, mimi nakuja nyuma nikihema. Akipunguza, mimi nimeshapita zamani. Masikio yangu yalikuwa yanapeleka habari mkononi, mkono unafika harusi imekwisha. Siku mbili nzima hivyo. Nilirusha kijiti ukutani, nikamwambia mume wangu cherehani chake ni kibovu na yeye hajui kukanyaga. Maskini, aliokota kijiti, akanirudishia, akasema kitu ambacho ningepaswa kukijua mwenyewe.

"Mama watoto, wewe unausikiliza mguu wangu. Mguu unakuja mwisho. Tazama kitambaa."

"Kitambaa kina nini?"

"Kona. Ukiiona kona inakuja, unajua nitapunguza. Ukiona mshono ulionyooka, unajua nitakimbia. Mimi mwenyewe naamua kwa macho kabla mguu haujajua."

Nikatazama kitambaa. Ilikuwa kola ya shati. Kona ilipokaribia nikalegeza mkono kabla yake, na kwa mara ya kwanza tukaingia kwenye kona pamoja, mimi na sindano. Nilipiga kelele mpaka akajichoma kidole.

Tangu hapo tulishona kola, mifuko, zipu, marinda. Marinda ndiyo yaliyonitoa jasho, maana hayana huruma: mbio, simama, mbio, simama. Kufika siku ya tano nilikuwa namfuata hata akinitega. Lakini Mama hana kitambaa, nikawa najiuliza usiku kucha nitatazama nini. Asubuhi nikachungulia picha ya video ya onyesho letu la mwisho nikaona: kabla ya kila mstari mabega yake yanapanda. Kidogo sana. Yakipanda juu, mstari utakuwa mrefu na wa taratibu. Yakipanda nusu, anataka kuukimbiza. Hiyo ndiyo kona yangu. Hata hivyo sikutulia. Video ile ilikuwa ya kabla ya upasuaji, na mimi sikujua pafu lililobaki linapandisha mabega namna gani.

Saa kumi ikafika. Ukumbi mtupu, viti vimepangwa safu kwa safu vinatukodolea macho. Fundi mitambo amekaa kwenye mashine zake, kanda iko tayari, kidole karibu na kitufe. Nikajifuta mikono kwenye sketi mara tatu. Mama amevaa gauni la kazi, midomo imepakwa rangi, hakunisalimia.

Nikaanzisha.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri mno, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mabega yalipanda, nikalegeza, akaingia. Yakapanda tena, nikalegeza tena, akachelewa kidogo, nikamsubiri. Akachelewa zaidi. Nikamsubiri zaidi. Ubeti wa pili wimbo ulianza kuzama. Mpiga tarumbeta alikuwa ameshikilia noti moja mpaka macho yamemtoka. Besi akanitazama kama mtu aliyepanda gari halafu akagundua hakuna dereva. Mimi nalegeza, Mama anavuta, nalegeza, anavuta, na kila pigo lilikuwa mbali na mwenzake kuliko lililopita. Nikajua tunakufa, na sijui tunakufa kwa nini.

Ndipo nikayaona macho yake. Alikuwa amegeuza kichwa, haangalii viti, haangalii maikrofoni. Anaangalia mkono wangu wa kulia.

"Mama, unafanya nini?" nilimwuliza huku napiga.

"Nakufuata wewe!" alinijibu kati ya mistari miwili. "Wiki nzima nimekaa na kile kisanduku chako cha tik-tik cha kuhesabia mapigo, nimejifunza kukusubiri!"

Jamani! Mimi nimejifunza kumsubiri yeye, yeye amejifunza kunisubiri mimi, kila mmoja chumbani kwake na kiburi chake, na sasa tumesimama mlangoni tunaambiana tangulia, hapana, tangulia wewe. Hasira ilinipanda hadi utosini. Kidole cha fundi mitambo kilishagusa kitufe. Kusimama hatuwezi, tukisimama imekwisha.

"Nipe mgongo!" nikapiga kelele.

"Unasemaje?"

"Mama, geuka! Usinitazame! Tazama viti, imba unavyotaka, imba vibaya, mimi nipo!"

Sijawahi kumpigia mama yangu kelele vile maishani, na mbele ya watu. Besi alifumba macho. Mama alinitazama pigo moja zaidi, nikadhani atanivulia kiatu. Halafu akageuka.

Akaimba. Alikimbia, nikakimbia naye. Alikokota, nikakokota. Alikata mstari katikati, akavuta hewa, akarudi pasipo na mpangilio wowote, na mimi nilikuwa pale anapotua, kwa sababu mabega yalishaniambia. Bendi yote ikanishika. Wimbo ukawa unayumba lakini uko hai.

Tukafika mstari wa mwisho. Tarumbeta ikanyamaza, magitaa yakanyamaza, ndivyo wimbo ulivyotungwa: Mama anaingia peke yake na pigo langu moja. Nikainua kijiti. Mabega hayakupanda.

Nikasubiri. Nilimwona mgongo, gauni limelowa katikati, mkono mmoja umezibana mbavu. Hayakupanda. Besi akanipa ishara ya kidevu: piga, funga, tumalize. Ningepiga, wimbo ungeisha salama na kila mtu angesema tumejitahidi. Lakini ningemfunga Mama nje ya wimbo wake. Kijiti kikabaki hewani. Sikuhesabu. Mimi, Saa, sikujua zimepita sekunde ngapi, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Yakapanda. Kidogo kuliko yalivyowahi kupanda. Nikashusha mkono kabla sijasikia kitu, na sauti ikatoka, ikaangukia juu ya pigo, pamoja.

Besi aliweka gitaa chini, akamgeukia fundi mitambo.

"Itoe hiyo kanda," alisema. "Kesho anaimba."

Mama alikaa kwenye ukingo wa jukwaa. Nikaenda kukaa karibu naye nikijua nitapewa vidonge vyangu kwa zile kelele. Hakunigombeza. Alipumua kwanza, muda mrefu.

"Pale mwisho," akasema, "ulijuaje nitarudi?"

Nilitaka kumdanganya. Nilikuwa na jibu zuri kabisa.

"Sikujua, Mama."

"Na nisingerudi?"

"Ningekaa hivyohivyo, kijiti juu."

"Mpaka lini?"

Nikaangua kilio kama mtoto, mtu mzima mimi, mbele ya viti vyote vile. Mama aliniacha nilie. Hakuwa na pumzi ya kuninyamazisha.