Kijiko cha Wagiman

Kwa miaka miwili Wagiman alitembea na kijiko mfukoni. Kijiko cha chuma, kimeviringishwa kitambaa, tayari kwa saa yoyote ambayo mkewe angeanguka. Mke akianguka tu, mume anachomoa kijiko kama polisi anayechomoa bastola, anakipenyeza katikati ya meno. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na kijiji kizima cha Imogiri kilijua hivyo hivyo. Mkewe, Lasmini, hakuwahi kujing'ata ulimi hata siku moja. Ila alikuwa na pengo la jino la mbele, na pengo hilo halikuletwa na ugonjwa.

Halafu daktari wa mjini akambandika nyaya kichwani siku tatu, kamera inamkodolea macho, mpaka akaanguka mbele yake.

"Hiki si kifafa," daktari alisema. "Umeme wa ubongo wako ulikuwa shwari muda wote ulipokuwa unatetemeka. Lakini kutetemeka ni kwa kweli, mama, huigizi. Mwili umebeba kitu kizito. Ukizidiwa, unakibwaga, na wewe unakwenda nacho chini."

"Kwa hiyo nimepona?"

"Bado. Ila sasa tunajua pa kuanzia." Vidonge vya kifafa angempunguzia polepole, na kila Alhamisi Lasmini angekwenda kuzungumza na mama mmoja mtaalamu wa mambo ya nafsi. Kisha akamgeukia Wagiman. "Na hicho kijiko, bwana, kirudi jikoni."

Yule mama wa Alhamisi alimuuliza alianguka lini mara ya kwanza. Lasmini hakuhitaji kufikiri. Ilikuwa siku ya arobaini ya msiba wa mdogo wake. Alibeba sinia za wali tangu alfajiri, akahudumia wageni wote, hakulia hata tone. Watu walimsifu sana.

Lakini kilichomkaa Lasmini rohoni kilikuwa nafasi yake kwenye jiko la nta. Kwenye karakana ya Bibi Painah, alikofanya kazi, wachora batiki walikaa wanne wanne, wamezunguka jiko moja dogo, karai la nta katikati, kila mmoja na kalamu yake ya shaba ya kuchotea nta na kuchorea kitambaa. Tangu aanze kuanguka alihamishiwa chumba cha nyuma kukunja vitambaa. Huko aliongeleshwa kama yai. Hata akikunja kombo, wanamwambia hongera.

Jumamosi Wagiman alimpeleka kazini kwa baiskeli. Temu, jirani yake wa zamani kwenye mkeka, akadakia kabla hajaketi.

"Eti si kifafa? Sasa ni nini?"

"Wanasema inatokana na mambo ya moyoni, dada. Niliyoyabana."

"Moyoni! Mimi ninayo ya kujaza lori, mbona sianguki? Au miaka miwili ulikuwa unatuigizia, shoga?"

Temu alicheka mwenyewe. Lasmini akasikia mikono inapoa, masikio yanaziba kama yaliyoingia maji. Alijaribu kushusha pumzi kama alivyofundishwa na yule mama wa Alhamisi. Alishachelewa, akaanguka.

"Kijiko!" Temu akapiga kelele. "Wagiman, kijiko!"

Mkono wa Wagiman ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka nacho. Akasimama anakitazama. Halafu akakitia kiganjani mwa Temu. "Wewe kishike. Usikiachie."

Bibi Painah alishaliburuta jiko mbali. Wagiman akakunja shati lake, akaliweka chini ya kichwa cha mkewe, akaketi sakafuni na fulana yake yenye matundu. Hakumkandamiza. Alimsemesha tu.

"Nipo, Mini. Nipo hapa. Yule kuku wako katagia tena kwenye kofia yangu. Leo nimeivaa na yai ndani..."

Alipofumbua macho, Lasmini alimwona Temu kakikumbatia kijiko kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

"Ningekuwa naigiza," alisema, ulimi bado mzito, "ningeigiza tajiri."

Temu akacheka huku analia. "Nisamehe, mdogo wangu. Mdomo wa kuzibwa na kijiko ni huu wangu."

"Bibi," Lasmini akamgeukia mwenye nyumba, "nirudishe kwenye nta. Mikono yangu itasahau."

"Nta ya moto haiulizi kama ni kifafa au si kifafa," alisema Bibi Painah. "Karibu na karai hukai."

Wagiman akachunguza matundu ya fulana yake.

"Nitamchotea mimi," Temu akasema. "Nakaa katikati, karai linabaki upande wangu wa pili. Nachota, nampa."

"Siku nzima?"

"Si nimeshasema, bibi?"

Bibi Painah akafikiri, kisha akalisukuma jiko kwa mguu hadi upande wa pili wa Temu.

Lasmini alipumzika mpaka adhuhuri. Kisha Temu akampa kalamu ya kwanza. Akaupuliza mdomo wa kalamu, pumzi ikitoka polepole, kwa urefu, kama kila mchora batiki anavyopuliza ili nta isizibe. Akasita. Pumzi hii si ndiyo ya Alhamisi? Kumbe anapanda basi kwenda kufundishwa kitu anachokijua tangu ana miaka kumi na miwili!

Akapuliza tena, akagusa kitambaa, akavuta mstari.

Bibi Painah akainama, miwani puani.

"Umepinda," alisema. "Mkono gani huo? Rudia!"

Miaka miwili hakuna aliyemkaripia. Lasmini akacheka na pengo lake lote, akanyoosha mkono kwa Temu aletewe nta nyingine.