Kola ya Bomba la Choo

Jirani yangu, mama fundi cherehani, ana mkwe fundi bomba. Mtaani tunamwita Gundi, kwa sababu hakuna ugonjwa asioutibu kwa silikoni. Bomba limepasuka, silikoni. Kiti kinayumba, silikoni. Mkewe anasema hata posa aliileta imepakwa, lakini yule naye maneno hayamwishi.

Tatizo lilikuwa paa la mama mkwe. Bomba la hewa la choo linatokeza nje ya bati juu kidogo ya chumba chake cha kushonea. Mvua ikinyesha, maji yanalifuata bomba hadi darini, kisha tone, tone, juu ya cherehani. Gundi alishapanda mara tatu, na mara tatu alishuka akipangusa mikono na kusema, "Hapo mama, sahau kabisa." Mama angesahau vipi na sufuria iko mezani?

"Mkwe wangu," alimwambia Jumamosi asubuhi, mbele yetu sote tuliokuja kwa ajili ya chai tukabaki kwa ajili ya paa, "nakupenda kama mwanangu. Lakini fundi wa mtaa wa pili anakuja saa sita. Kabla hajafika, ukiliweza, liweze."

Fundi ambaye ukweni kwake anaitwa fundi mwingine, nani atamwita tena? Na mtaa wetu hauna siri. Mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza kuisambaza, sikatai.

Gundi akapanda na mirija mitatu ya silikoni.

"Mitatu?" mkewe akauliza kutoka chini. "Unaziba paa au unapamba keki?"

"Shika ngazi, mama watoto."

"Nimeishika. Na wewe shika akili."

Mama mkwe akaenda nyuma ya nyumba, kwenye mwinuko ambako paa unaliona lote. Mara zile tatu hakwenda kutazama, alikuwa akimwamini tu. Akavua miwani yake ya kutungia uzi, akakikagua kile kipande cha bati chenye shingo ya mpira kinacholikumbatia bomba, mafundi wanakiita kola.

"Baba, hiyo kola, ukingo wake wa juu uko wapi?"

"Uko juu ya bati, mama. Nimeugandisha vizuri."

"Na maji yanatokea wapi?"

"Juu, mama."

"Basi yakishuka yanagongana nao uso kwa uso. Mimi nimeshona makoti ya mvua miaka ishirini. Kipande cha juu hukilalia cha chini, maji yapite. Ningeshona kama wewe, wateja wangu wangeogea barabarani."

Tulicheka mpaka ngazi ikatikisika. Gundi hakucheka. Alikuwa ameikodolea macho silikoni yake, imekauka kwa jua na kupasuka kama kisigino. Akaikwangua yote. Akalegeza skrubu za bati la juu, akalinyanyua, akauchomeka ukingo wa kola chini yake. Ule wa chini akauacha ulale juu ya bati linalofuata. Silikoni akapaka kidogo tu, kwenye vichwa vya skrubu.

Nikapewa mpira wa maji, nikalimwagia paa robo saa nzima. Ndani, mashoga zangu walikaza shingo kuitazama dari. Halikudondoka hata tone.

Saa sita kamili, fundi wa mtaa wa pili akaingia na ngazi begani. Mama akamwahi mlangoni. "Samahani, baba, nimekusumbua bure. Mkwe wangu ameshaliziba."

"Kaliziba vipi?" jamaa akauliza, maana sifa za paa lile zilishamfikia.

Sote tukamgeukia Gundi. Njia alishapewa, alichotakiwa ni kukaa kimya tu. Hata mimi ningeficha. Siku mbili hivi.

"Kola nilikuwa naiweka vibaya," Gundi akasema. "Ukingo wa juu niliubandika juu ya bati, mara zote tatu. Aliyeona ni mama."

Mwenzake akaitua ngazi polepole. "Unatakiwa uingie chini?"

"Chini ya bati la juu."

Jamaa akakuna kidevu, macho yake yakahama paa moja hadi jingine mtaa mzima. Kisha akamsogelea mama, sauti ameipunguza.

"Mama, mchana huu una nafasi? Kuna nyumba moja ningependa uje uitazame."