Hodi ya Nolberto

Jumanne asubuhi Ermelinda alikuwa akifagia maabara ya Caleta Honda, pwani ya Chile, wakati Daktari Iturra alipompasua ngisi mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza na kuchomoa neva yake. Neva ya ngisi huyo ni nene kama tambi, ndiyo maana wataalamu walivuka bahari kuifuata. Aliilaza kwenye maji ya chumvi, akaigusisha waya, akawasha spika. Kila neva ilipopitisha umeme, spika ililia tak.

Siku hiyo ililia tak-tak, ikanyamaza, kisha tak moja nzito.

Ermelinda akaegemeza ufagio ukutani. "Huyo mume wangu," alisema.

Nolberto alikuwa amezama Agosti iliyopita. Enzi za uhai wake kila aliporudi nyumbani mikono imejaa samaki, alibisha kwa kiwiko mara mbili, akavuta pumzi, kisha akaupiga mlango teke. Alama ya buti ipo mpaka leo.

Daktari alikagua mashine. "Mimi sijaichokoza. Inajipigia yenyewe," alisema, akamsogezea kiti.

"Nikimjibu, atasikia?"

"Hapana, mama. Tazama: chembe za chumvi zinaingia ndani ya neva, umeme unazaliwa. Kipande hiki kinaamsha cha mbele yake, nacho kinaamsha kinachofuata. Nyuma haurudi, maana kilichokwisha kupiga kinapumzika kwanza."

"Na njiani haufifii?"

"Haufifii. Unakwenda mzima, au hauendi kabisa."

"Nolberto mtupu huyo," alisema Ermelinda. "Hajui kufanya jambo nusunusu." Akacheka, halafu akalia, maana alikuwa amemkumbuka sana.

Tangu hapo kila alipoletwa ngisi mzima, Nolberto alibisha, na Ermelinda alikaa pale mpaka neva ichoke. Zunilda, dada yake Nolberto, alimletea mkate wa moto.

"Wifi, kaka yangu huyu! Kafa, bado anataka afunguliwe mlango!"

"Afadhali yeye anabisha. Mume wako Evaristo je?"

"We! Anakwaruza mlango kama paka aliyefungiwa nje. Krr, krr, krr, nusu saa nzima. Namwacha makusudi."

Neva hufa upesi, kwa hiyo ngisi lazima afike akiwa hai. Ndiyo sababu kila bendera nyekundu ya bahari chafu ilipopandishwa bandarini, mashua zote zilibaki isipokuwa ile ya maabara, yenye kibali chake. Nolberto alitoka nayo chini ya bendera hiyo. Sasa nafasi yake alikuwa nayo Evaristo, mume wa Zunilda.

Jumatano moja bahari ilichafuka, bendera nyekundu ikapandishwa. Ermelinda hakushika ufagio. "Daktari, nakuomba, mashua isitoke. Shemeji yangu yumo."

Iturra alikuwa mtu mwema, na alimhurumia kwa dhati. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, hawa wataalamu wageni wana wiki moja tu. Wamekuja kwa ajili ya hili. Evaristo anaijua bahari."

"Na Nolberto alikuwa haijui?"

Mashua ikatoka.

Alhamisi ilirudi na wavuvi wawili badala ya watatu. Walisema wimbi lilipita juu ya mashua mara moja tu, wakamtafuta Evaristo mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Ngisi alikuwa ndani ya pipa, mzima kabisa.

Daktari aliilaza neva majini. Spika ikalia tak-tak, kimya, tak. Halafu, chini ya sauti hiyo, kitu kikaanza kukwaruza, haraka haraka, bila kukoma.

"Usizime," alisema Ermelinda. "Evaristo huachwa asubiri mlangoni, amezoea."

Daktari akaenda kuleta kiti cha pili, akakiweka kando ya kile cha kwanza. Ermelinda akajifunga mtandio na kutoka kwenda kumwita wifi yake. Gatini aliwapita wavuvi wakibadilisha maji ya pipa kwa safari ya kesho. Bendera ilikuwa bado nyekundu.