Kibao cha Mkia

Madereva walimbandika jina la Mama Ngoja, naye wala hakukasirika. Kazi yake, pale kwenye kibanda cha mdomo wa chini wa handaki la reli, ilikuwa hasa kuwangojesha watu. Sharti lenyewe halikuwa na mjadala: treni ya matangi ya klorini ikiwamo handakini, treni ya abiria haitii pua humo. Hewa ile ya sumu ikivuja mle ndani, jamani, mtu atakimbilia wapi? Na matangi hayahesabiwi kuwa yametoka mpaka mtu wa mdomo wa juu aone kwa macho yake kibao chekundu kinachofungwa nyuma ya tangi la mwisho.

Mtu wa mdomo wa juu alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Mcheshi, mwepesi wa maneno, ila mzito wa kuinuka kitini.

"Matangi yametoka, shemeji," alisema kwenye simu ya kazini. "Achia abiria."

"Umeona kibao?"

"Nimeona."

Kajibu upesi mno. Mama Ngoja alikata simu, akakaa, akasimama, akakaa tena. Mkono ulikwenda kwenye swichi ya ishara, ukarudi. Bwana huyu alimjua vizuri. Eti moshi wa treni unamkera, basi hufunga dirisha na kusikiliza tu. Mlio ukikoma, kwake treni imeshapita. Nje, treni ya abiria ilipiga honi.

Simu yake ya mkononi ikaita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, mbona umetuzuia? Uchungu umenianza."

"Umo kwenye treni hii? Si ulisema hospitali utakwenda kesho?"

"Mtoto hakuambiwa kesho. Tuachie, dada, nakuomba."

Mama Ngoja aliitazama swichi. Amzuie mdogo wake na uchungu ule, au amwingize mle ndani kwa neno la mtu aliyekaa? Akanyanyua simu ya kazini.

"Shemeji, kibao umekiona?"

"Na wewe nawe. Si nimeshakwambia? Unataka nikuapie?"

"Mkeo yumo kwenye treni hii. Uchungu umemshika. Niiachie?"

 Akasikia kiti kikiburuzwa, mlango ukifunguliwa, viatu vikikimbia juu ya kokoto. Alingoja, simu imemganda sikioni, honi inalia bila adabu.

Aliporudi, shemeji alikuwa anahema.

"Usiiachie. Nakwambia usiiachie kabisa. Matangi yamesimamishwa na taa nyekundu huku mbele. Mkia bado umo handakini."

Mama Ngoja aliiweka simu mezani. Alimwamuru dereva wa abiria arudishe treni nyuma hadi kituoni, akaita gari la wagonjwa limpokee mdogo wake huko na kumpeleka hospitali kwa barabara inayozunguka mlima.  Alipoinua tena simu ya kazini, shemeji alikuwa bado yupo.

"Usimwambie mke wangu," alisema kwa sauti ya chini.

Hasira ikampanda Mama Ngoja.

"Treni ya abiria ya jana," alisema. "Kabla hujaniambia niiachie, uliinuka ukatazama kibao?"

Akasikia kiti kikilia; shemeji alikuwa amekaa tena. Chini ya dirisha treni ilianza kurudi nyuma, na abiria wale wale wa kila siku walitoa vichwa madirishani wakimtukana Mama Ngoja kwa kuwachelewesha.