Usipungue

Kwa miaka kumi na moja Bi Mkasi alikuwa mkata nguo katika kiwanda kidogo cha sare za shule, na hakuwahi kuharibu jora hata moja. Mwezi mmoja akaajiriwa fundi mgeni, ambaye hata kutia uzi kwenye cherehani alifundishwa na yeye Bi Mkasi. Mwisho wa mwezi karatasi za malipo zikatoka. Lahaula! Mwalimu na mwanafunzi mshahara mmoja, hakuna aliyemzidi mwenzake hata senti.

Alikasirika, na haki alikuwa nayo. Akamwendea Tajiri, maana ndivyo walivyomwita mwenye kiwanda.

"Mama, hiyo si bei yangu mimi," Tajiri akajitetea. "Ni kima cha chini. Serikali ndiyo iliyopanga."

Siku yake ya mapumziko Bi Mkasi akaimalizia kubisha milango mtaa mzima: kwa washona mapazia, kwa waoka mikate, kwenye ghala la magodoro. Kila alipouliza mshahara, jibu lilikuwa lilelile, utadhani wamekaririshwa. Kima cha chini. Hata mdogo wake, aliyekuwa akiosha vyombo hotelini, alilipwa hichohicho.

"Huyo kima wa chini tunamjua," mdogo mtu akamtania. "Wa juu mbona hashuki mtini? Dada, njoo tuoshe sahani. Kichwa hakiumi, na pesa ni ileile."

Bi Mkasi alicheka, lakini maneno yalimwingia. Aliupenda mkasi, jamani! Kuuacha kungemuuma, na kubaki kulikuwa kunamdhalilisha.

Jumatatu akaenda kuaga. Akimsubiri Tajiri ofisini, akalisoma tangazo la mishahara lililobandikwa ukutani, ambalo kila mtu alilipita tu. Akalisoma tena. Tajiri alipoingia, Bi Mkasi hakumngoja hata amalize salamu.

"Tajiri, hebu nisomee hapa."

"Mshahara wa mfanyakazi usipungue kiasi kilichotajwa."

"Usipungue. Wapi pameandikwa usizidi?"

Tajiri akavua miwani, akaivaa. Hakuwa mtu mbaya. Kiwanda alikirithi kwa shangazi yake pamoja na tangazo lake, na tangu hapo hakuwahi kukaa akajiuliza kazi ya mtu ina thamani gani. Serikali ilishafikiri kwa niaba yake, na majirani wote walifanya vivyo hivyo.

"Nilikuja kuaga," Bi Mkasi akasema. "Mimi nataka kukata nguo. Ila ile ni sakafu, Tajiri, na nani analala sakafuni miaka kumi na moja? Nitajie bei yangu mimi."

Tajiri akakuna kidevu weee. "Kwani wewe unasema ngapi?"

Ajabu ni kwamba hata Bi Mkasi mwenyewe hakuwahi kuulizwa. Akapiga hesabu ya haraka, akataja.

"Umeniua!" Tajiri akashika kichwa.

Wakavutana kama watu wa sokoni, huyu akishuka kidogo, yule akipanda huku anaguna, mpaka wakapatana, mbali kabisa na kiasi cha ukutani. Tajiri akaandika, akatia saini. Bi Mkasi akatoka machozi yakimlengalenga, wala hakuyaficha.

Nje vyerehani vyote vilikuwa vimenyamaza. Mafundi sita walikuwa wamepanga foleni mlangoni, masikio wazi.

"Hodi, Tajiri," akasema wa kwanza. "Na mimi nimekuja unitajie yangu."