Shimo Lililofurika Kiangazi

"Mwezi wake bado, shemeji!" alinifokea mdogo wa mume wangu, suruali kaikunja hadi magotini. "Choo hiki hunyonywa mvua kubwa zikikaribia. Marehemu baba alifanya hivyo, na mimi nafanya hivyo."

"Na hayo unayoyakanyaga ni nini? Chai?"

Akatazama chini. Ndara zake zilikuwa zimezama kwenye maji ya kijivu yaliyotoka chini ya mlango wa choo. Karatasi zilielea, na funza walijikunja juu ya simenti kama wali uliopata uhai. Nilijiziba pua kwa ncha ya mtandio, lakini wapi! Uvundo ulishanifika kooni.

Ua ni mmoja: sisi upande huu, yeye upande ule, na usimamizi wa choo ameukumbatia kama urithi. Katika chumba kilicho jirani na shimo analala binti yangu, aliyejifungua juzi. Maji yalishaanza kulamba kizingiti chake.

"Hii ya usiku ni mvua ya kupita tu," akasema. "Kiangazi hiki! Jua likiwaka, ardhi itayanywa yote."

"Ardhi imeshiba, haina pa kuyaweka. Mwaka jana ulisema ya kupita, mwaka juzi vilevile. Mbona kila kiangazi inapitia kwetu?"

"Mvua ni ya Mungu, shemeji."

"Na choo ni cha nani? Redio imetangaza wiki nzima. Hewa imezidi joto, na hewa ya joto hubeba maji mengi. Ikiyaachia, inayamwaga kwa pupa, hata miezi tuliyozoea kula vumbi. Kalenda ya baba ilikuwa ya mvua za baba."

Akatema mate pembeni, kana kwamba uani palipungukiwa na uchafu.

"Haya, ita gari. Mpira wake utaupitisha wapi?"

Hapo nikajua ubishi wote ulikuwa wa nini. Kwenye kichochoro, njia pekee ya kufikisha mpira wa gari la maji taka shimoni, amejenga banda la kuku. Hulijenga mvua zikiisha, hulibomoa mwezi wa kunyonya choo.

"Wanaatamia," akasema kwa sauti ya chini. "Nikiwagusa sasa, mayai yataharibika."

"Kwa hiyo mjukuu wangu alale kwenye mavi ili mayai yako yapone?"

"Sijasema hivyo..."

"Mama!" binti yangu akaita. "Yameingia! Yako chini ya kitanda!"

Nikamtoa mzazi na kichanga chake, nikawalaza kitandani kwangu. Nikampigia dereva wa gari la maji taka. Akasema yuko mtaa wa pili, anakuja. Nikachukua nyundo.

"Shemeji, tuongee kwanza!"

"Ongea na kuku."

Nikawahamisha kuku na viota vyao, mayai na yote, nikawapanga juu ya makochi ya sebuleni kwake. Mmoja akanyea mto papo hapo. Shemeji akakunja uso, akashika pua.

"Unaona kinyaa? Afadhali. Sasa shika bati la banda upande ule."

Akalishika. Nikaingiza meno ya nyundo chini ya msumari wa kwanza, nikaung'oa.