Siku Waliyomfukua Stamatia

Mama alipofika mahali pa kushindwa kumeza hata maji, alimshika Evanthia mkono akamwambia, "Siku mkinitoa, kichwa changu akipokee Zisis. Si wewe. Yeye." Akafa, na huyo Zisis, mdogo wake Evanthia, yuko Paris.

Kijijini kwao, huko milimani, makaburi ni machache na wafu hawaishi kuja. Mtu hulala chini miaka mitatu, kisha wanawake humfukua, wakaosha mifupa yake kwa divai na kuiweka sandukuni, katika kijumba nyuma ya kanisa. Mwaka wa tatu ulipofika, Evanthia alikataa. Wa nne akakataa. Padri Nektarios akanung'unika kwamba nafasi imekwisha, naye akamjibu, "Mwanawe hajaja. Mngojeeni."

Na mwanawe angekujaje? Zisis alikuwa ametengeneza filamu ya kuwacheka wanajeshi waliotawala, nao wakamfutia pasipoti. Huko ugenini akatengeneza nyingine mbili. Moja ikapata tuzo, sura yake ikatoka gazetini, na karani wa posta akamsomea Evanthia habari ile kwa kunong'ona, mlango umefungwa. Filamu zenyewe kijijini hakuna aliyewahi kuziona.

Mwaka wa tano wanajeshi wakaanguka. Haukupita mwezi, Zisis akashuka kwenye basi, nywele zimejaa mvi, mkononi kamera.

"Huyu ndiye?" akauliza Shangazi Polixeni, mkuu wa waombolezaji, mwanamke asiyemwogopa hata askofu. "Mbona umekauka hivi? Huko Ufaransa wanakula nini?"

"Konokono, shangazi."

"Ndiyo maana."

Watu wakacheka, na Evanthia akacheka nao, lakini jicho lake lilikuwa kwenye kamera. Alipompa kahawa alimwambia neno la mama, kama alivyolitunza, bila kupunguza. Zisis alisikiliza, kichwa chini.

"Nitampokea, dada. Kwani nimekuja kufanya nini?"

"Na hicho chombo?"

"Nitapiga picha kidogo tu. Dada, mimi sijawahi kupiga picha hata ya jiwe la kijijini kwetu. Na kule hawanipi kazi tena. Nilipokuwa nimefukuzwa kwetu, walinisikiliza. Sasa wanajeshi wameondoka, nani anataka kusikia kilio changu? Hii ikinishinda, nimekwisha."

Evanthia akamwongezea kahawa. Hapo ndipo alipokosea, alijilaumu baadaye: angekificha kile chombo kwenye pipa la zeituni.

Kesho yake, Jumamosi, wanawake walichimba tangu misa ilipoisha. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Polixeni akaongoza maombolezo, akimwita Stamatia kwa jina, akimwambia mlango uko wazi, mwanawe amevuka bahari. Kamera ilikuwa ikinguruma polepole pembeni kama paka. Ukaonekana mguu, ukaonekana ubavu. Kisha jembe likagusa kitu, na wote wakaacha kuchimba, wakaanza kufukua kwa vidole.

"Zisis!" Evanthia aliita. "Njoo, ndiye huyu!"

"Nakuja, dada. Kidogo tu. Mwanga umekaa vizuri."

"We mtoto," Polixeni akafoka, "mama yako anakungoja!"

"Nakuja, shangazi. Dada, inamisha kichwa kidogo, unaziba."

Evanthia akainamisha. Mpaka kufa kwake hakujua kwa nini alitii. Kingo za shimo zikaanza kumomonyoka, udongo ukamiminika juu ya paji la mama, na kichwa cha mtu hakiachwi kifukiwe mara ya pili. Akaingiza mikono yake mwenyewe, akakiinua, akakilaza juu ya kitambaa cheupe, akakibusu. Wanawake wakapaza sauti, "Karibu, Stamatia! Umekuja salama!" Walilia kweli, na kamera iliendelea kunguruma mpaka utepe ukaisha.

Hapo Zisis akaiweka kamera majanini, akaja mbio, akapiga magoti, akanyoosha mikono.

"Nipe."

"Ameshapokelewa," Padri alisema taratibu.

Zisis aliwatazama mmoja mmoja, macho mekundu. Kisha akasema maneno ya watu wa kazi yake, watu waliozoea kwamba jambo likiharibika hufanywa upya. "Basi turudie. Mrudisheni mchangani kidogo tu, nishuke nimtoe mimi. Sipigi picha safari hii, naapa."

Polixeni akajifunga ushungi wake upya.

Evanthia alilitazama shimo. Moyo wake ulitaka, msimdhanie jiwe. Miaka mitano alikuwa amepigania kitu kimoja hiki. Lakini mama angerudishwa pale kama mwigizaji, na yeye Evanthia angejifanya hajamwona. Akachukua divai, akaanza kuosha. Alipomaliza akamkabidhi mdogo wake kile kichwa kilicholowa, naye akakishika mbali kidogo na kifua, kama abiria aliyepakatishwa mzigo wa mwenzake. Zisis alingoja machozi. Hayakuja.

Jumapili akapanda basi.

Majira ya kuchipua ikaja barua, karani akaisoma. Zisis alisema picha zimetoka safi, ila hakuna aliyezinunua; sasa anakata na kuunganisha filamu za matangazo ya sabuni. Kila akizitazama picha zile za kaburini anaona mikono ya dada yake tu. Anauliza, je, mama angemsamehe?

"Nimwandikie nini?" karani akauliza, kalamu tayari.

Evanthia alifikiri mpaka wino ukakauka kwenye ncha.

"Mwandikie huku hatujambo," alisema. "Hilo lingine liache."